Mkono, Mashine na Chachu

Wako watu wasemao kwamba mkate wa chachu ukandwao kwa mashine si mkate, maana mkono wa binadamu ndio uupao ladha. Wako na wengine wajibuo kwamba mkono ni ukale, na mwenye mashine hana haja ya kungoja. Makundi haya mawili hubishana kwa sauti kubwa, na yote mawili hupotoka mahali pamoja: hayaulizi ni nani aufanyaye mkate uumuke.

Aufanyaye ni chachu. Unga na maji vikikaa pamoja siku kadha, viumbe wasioonekana kwa macho huongezeka humo: hamira ya asili, ambayo hutoa hewa, na bakteria, ambao hutoa asidi. Hewa huliumua donge. Asidi hulitia ukali. Hamira ya dukani huumua kwa saa moja au mbili, lakini haraka hiyo haiwapi bakteria nafasi ya kutenda kazi yao. Chachu hutaka saa nyingi, pengine usiku mzima. Joto huzipunguza saa hizo na baridi huziongeza. Wepesi wa mkono na nguvu ya mtambo havina amri juu yake.

Tuutazame mfano wa Itigi, mkoani Singida, mji wa Reli ya Kati baina ya Manyoni na Tabora. Nchi ile ni kavu. Ngano hupendelea nyanda za baridi kama Hanang. Huku ni mahali pa mtama na uwele, nafaka ambazo Mtanzania huzichachusha katika togwa na uji. Kwa nafaka hizi swali la mkono na mashine si geni hata kidogo. Lilianza katika jiwe la kusagia. Mwanamke aliyepiga magoti mbele ya jiwe hilo ili jamaa wapate kula hakuliona kuwa shairi. Mashine ya kusaga ilipomwondolea mzigo, je, togwa iliacha kuchacha? La, hasha.

Basi nawauliza wasifuo mkono: ni mkono wa nani? Mara nyingi si wao; ni wa mke, wa mama, au wa mtumishi aamkaye alfajiri. Ni rahisi kuipenda kazi ifanywayo na mwingine. Kidole kinachobonyeza donge ili kujua kama limeiva kina elimu, nami nakiheshimu. Lakini elimu hiyo haihitaji mgongo uumao.

Wapendao haraka nao wana deni. Asidi wanayoipuuza husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyofungika katika nafaka. Mwaka 1994 Lorri na Svanberg walitangaza utafiti uliofanywa Tanzania, ulioonyesha kuwa watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliugua kuhara mara chache zaidi. Anayeiba saa za chachu huiba pia faida hii, na aibiwaye kwanza ni mtoto.

Kwa hiyo mashine na isage, na ikande, kwa kila nyumba iwezayo kuipata. Uchovu si kiungo cha mkate. Bali saa za kuchacha zisiguswe. Na asadikiye kwamba mkono hauna badala, akunje mikono ya kanzu yake, akande mwenyewe.