Kazi za Mikono: Gari Dogo na Yaliyomo Ndani Yake



Mwezi huu twapenda kuleta mbele yenu shauri moja lililotujia chuoni kwetu. Kwa umbo lake lilikuwa dogo, hata laingia ndani ya kasha la viatu, wala hatukuujua uzito wake mpaka tulipokuwa tumekwisha kukosea.

Mzazi mmoja wa mtaani kwetu alitujia baada ya sala ya alasiri, kasha liko mkononi, na nyuma yake anafuata mwanawe, kijana wa miaka 16, macho yake chini. Kasha lilipofunguliwa tuliona bodi la gari dogo la plastiki, Volkswagen ya kizamani ile yenye mgongo kama wa kobe, na kando yake sakafu ya gari hilo, na juu ya sakafu vipande vidogo vyeupe vilivyokatwakatwa kwa kisu. Mzazi akasema, “Maalim, mtihani wa kidato cha nne umebaki miezi miwili, na huyu kila usiku yumo katika kukata vikopo. Nataka mtuambie kama hii ni akili. Tena nachelea isije ikawa ni katika sanamu zilizokatazwa.”

Katika hilo la pili tulijibu kwa yakini, ya kwamba gari ni kitu kisicho roho, na kufanya mfano wa kitu kisicho roho hakuna ubaya. Lakini katika lile la kwanza tulijibu kwa haraka. Tulimwambia kijana kwamba huo ni mchezo wa watoto wadogo, naye sasa ni mtu mzima, basi aufunge mpaka mtihani upite. Hatukumwuliza hata neno moja. Akajibu, “Ndiyo, maalim,” akafunika kasha lake, wakaenda zao.

Siku ya nne tuliitwa na babu yake kijana, mzee wa makamo makubwa ambaye macho yake yameingia ukungu, haoni ila vivuli. Tulipokaa, akatuambia bila ya kuzungukazunguka, “Maalim, mmemzuia mjukuu wangu kazi niliyomtuma mimi.”

Ndipo tukapewa habari yote. Mzee huyu alikuwa na Volkswagen ya mwaka 1966, akaitumia miaka mingi hapa Tanga, mpaka ilipombidi kuiuza ili amtibu mkewe. Gari likaenda, na mke naye Mungu akamchukua. Tangu hapo mzee alikuwa mtu wa kimya, hata watu wa nyumbani wakazoea kimya chake. Kisha mjomba wa kijana aliyeko Maskati akampelekea kasha la gari dogo la kuunganisha, nalo lilikuwa limekwisha kufunguliwa zamani. Bodi limo, magurudumu yamo, vioo vimo, lakini vipande vyote vya ndani vimepotea. Kijana akamwuliza babu yake, “Babu, ndani ya gari lako mlikuwa na nini?” Na mzee akaanza kusema. Akasema usiku ule, na usiku wa pili, na wa tatu.

Ndugu wasomaji, hapo tuliona haya. Tukaomba tuionyeshwe kazi yenyewe, na kijana akatueleza hatua baada ya hatua. Twaieleza hapa kwa faida ya vijana wetu, kwani tulichokidhania mchezo tulikikuta kina hesabu, subira na ukweli.

Msingi wa kazi hii ni kipimo. Gari hilo ni la kipimo cha 1 kwa 24, maana yake kila sentimita 24 za gari la kweli huwa sentimita 1 katika mfano. Baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma Volkswagen ile ina mita 2.40, basi katika mfano ni sentimita 10 kamili. Usukani wenye upana wa sentimita 40 hauzidi milimita 17. Kijana hakuwa na gari la kupima, kwa hiyo alimkalisha babu yake katika kiti, akampa sinia alishike mfano wa usukani, akapima kwa futi ya fundi cherehani kutoka gotini hadi mkono unapoishika gia. Kisha kila kipimo akakigawa kwa 24 na kukiandika daftarini.

Pili ni kuijua plastiki yenyewe. Mafundi wa kazi hii huko Ulaya, Marekani na Japani hununua mabapa meupe ya plastiki iitwayo polistirini, yenye unene wa robo milimita, nusu milimita, milimita 1 na zaidi. Kijana hakuwa nayo. Alianza kwa kukata kopo la aiskrimu, na kila alichokigandisha kikabanduka. Hakujua kwa nini, mpaka alipotazama chini ya kopo akaona alama ya pembetatu yenye nambari 5. Hiyo ni polipropilini, na gundi ya kazi hii haiishiki. Polistirini alama yake ni nambari 6, nayo hupatikana katika baadhi ya vikopo vya mtindi, na kasha za CD aghalabu zimefanywa kwa plastiki ya jamii hiyohiyo. Basi kasha kuukuu za CD za kaswida zikawa sakafu na dashibodi, na vikopo vya mtindi vikawa kuta za milango.

Ama gundi yake si kama gundi ya karatasi. Ni maji mepesi yanayoyeyusha uso wa plastiki, na pande mbili zikikutana huchanganyika na kuwa kitu kimoja. Huwekwa tone dogo kwa ncha ya brashi penye kiungo, nalo hujipenyeza lenyewe mpaka ndani. Likizidi, huharibu kazi. Hapa twawaonya vijana: mvuke wake una madhara, basi madirisha na yawe wazi, na chupa isikaribie moto kamwe.

Katika kukata, mtu hana haja ya kuipasua plastiki kwa nguvu. Huweka rula ya chuma, akapitisha kisu chenye ncha kali mara mbili tatu mpaka uwe mfereji mwembamba, kisha huikunja plastiki nayo hukatika mfereji ule ule, mstari mnyofu. Kasha la CD ni gumu na hupasuka ovyo, basi hilo lataka kupitishwa kisu mara nyingi zaidi. Na mkono ulioshika plastiki usiwe mbele ya kisu.

Viti hufanywa kwa kugandisha matabaka ya plastiki moja juu ya moja mpaka unene utoshe, na vikikauka husuguliwa kwa msasa mpaka vipate mviringo wa mto. Mistari ya ushonaji huchorwa kwa ncha ya sindano. Ule ukingo wa mshono unaozunguka kiti kijana aliupata kwa ufundi uliotustaajabisha. Alichukua vijiti vya plastiki vilivyobaki katika kasha, akakipasha kimoja juu ya mshumaa, mbali na gundi, mpaka kikalegea, kisha akakivuta pande mbili polepole, kikawa uzi mwembamba kama wa kushonea. Uzi huo huo akiuacha mnene kidogo huwa mtaimbo wa gia na breki ya mkono iliyo baina ya viti. Pedali za Volkswagen ile huinuka kutoka sakafuni, si kuning'inia kutoka juu, naye alizisimamisha hivyo hivyo, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele.

Dashibodi ya gari lile si ya mambo mengi. Ina saa kubwa moja ya mwendo mbele ya dereva, na mbele ya abiria kipo kishikio. Saa aliichora kwa kalamu juu ya duara la karatasi, akaidondoshea tone la vanishi safi, likikauka likawa kama kioo. Zulia alilifanya kwa kupaka rangi sakafuni na kuinyunyizia poda ya watoto kabla haijakauka.

Mambo mawili yalimpa taabu, na twayataja kwa kuwa yana mafunzo. La kwanza, usukani aliuweka kushoto, kama ulivyoonekana katika picha ya kasha. Babu akamwuliza, “Uliniona lini mimi nikiendesha upande huo?” Akaung'oa, na dashibodi nzima akaifanya upya ili dereva awe kulia, kama ilivyo desturi ya nchi yetu. La pili, kuta za milango kwanza alizikata katika kasha la CD, ambalo unene wake wazidi kidogo milimita 1. Alipolijaribu bodi, halikukaa, ingawa vipimo vyote vya daftarini vilikuwa sahihi. Alikuwa amesahau kuupima unene wa plastiki yenyewe. Milimita 1 kila upande ni milimita 2, nazo katika kipimo cha 1 kwa 24 ni kama kula karibu sentimita 5 za nafasi ya gari la kweli. Ndipo akazibomoa na kuzifanya kwa vikopo vya mtindi vilivyo vyembamba. Tangu siku hiyo hagandishi kitu ila amekwisha kukijaribu kikavu mahali pake.

Tuliuliza swali ambalo pengine nanyi mwajiuliza. Bodi likikwisha kugandishwa juu ya sakafu, na vioo vyenyewe ni vidogo, nani ataziona pedali? Nani atauona mshono wa kiti cha nyuma? Kijana akasema, “Hataona mtu, maalim. Lakini babu ataniuliza kama nimeviweka.”

Kisha akatuonyesha mlango wa kushoto. Mlango wa kulia una kipini cha kupandishia kioo, nao wa kushoto hauna, pana kijiti kitupu. Tulidhani amesahau. Babu ndiye aliyejibu: kipini cha upande wa mkewe kilivunjika, na kila mwaka aliahidi kununua kingine. Na kishikio kilicho mbele ya abiria kimefifia rangi katikati, kwani walipokuwa wakipanda kona za Mombo kwenda Lushoto, bibi alikuwa akikishika kwa mikono miwili mpaka wafike juu. Kijana alikuwa amekisugua kwa msasa mahali pale pale.

Hatukuwa na la kusema. Tulimwita baba yake kijana, na mbele ya mzee tulikiri kwamba hukumu yetu ilikuwa ya haraka. Hata hivyo baba naye hakuwa na kosa katika kuuhofia mtihani, kwani usiku una saa zake, na akili iliyokosa usingizi haisomi. Basi tulipatana hivi: siku za masomo kasha lifungwe na kukaa kwa babu, na jioni za Alhamisi na Ijumaa kijana afanye kazi yake saa moja na nusu, babu akiwapo. Kijana alishika ahadi. Majibu ya mtihani hayajatoka tunapoandika haya.

Tulimkumbusha baba pia kwamba huko Marekani, tangu mwaka 1930 hadi 1968, kampuni ya General Motors kwa tawi lake la Fisher Body iliendesha mashindano ya vijana wa kiume. Mwanzoni waliunda kwa mikono yao mfano mdogo wa gari la farasi la kifalme, pamoja na viti na mapambo yake ya ndani, na baadaye mifano ya magari waliyoyabuni wenyewe. Washindi walilipiwa masomo ya chuo kikuu, na baadhi yao wakaja kuwa wabunifu wa magari. Hatusemi kwamba kila akataye kikopo atakuwa mhandisi. Twasema kwamba mkono uliozoea kupima, kubomoa kilichokosewa na kukifanya tena bila ya kununa, haupotei bure katika kazi yoyote.

Gari lilifungwa Ijumaa moja baada ya mtihani, nasi tulikuwapo. Kabla ya kulitia bodi, kijana aliiweka sakafu kiganjani mwa babu yake. Mzee akapitisha ncha ya kidole kwenye kiti cha dereva, akaifuata gia, akavuka hadi mlango wa kushoto, akatafuta, akakuta kijiti kitupu. Akacheka. Baba yake kijana, ambaye alikulia kiti cha nyuma cha gari lile, akasema, “Na nyuma ya kiti changu palikuwa na nafasi ya mizigo. Nikilala humo safari nzima.” Kijana akamwambia, “Ipo, baba. Tazama.” Baba akainama na taa mkononi, akatazama kwa muda.

Wazazi wenzetu, mtoto akishughulika na jambo usilolifahamu, mwulize kwanza ni nini na ni la nani, kisha ndipo uhukumu. Sisi hatukuuliza, na kidogo tumnyamazishe mzee aliyekuwa ameanza kusema. Nanyi vijana, yashikeni mambo mawili: saa za masomo zina haki yake, na kazi mliyoianza ifanyeni sawasawa hata pale ambapo bodi litaifunika.

Mpaka mwezi ujao, inshallah.