Kamala Hakuwa Mganda, na Hiyo Ndiyo Shida Ndogo

Kuna klipu za mieleka ya zamani zinazunguka tena na nyinyi mnacheka tu. Jitu limechorwa nyota kifuani na mwezi tumboni, halina viatu, limeshika mkuki, linajipiga tumbo kama ngoma. Kamala, "Jitu la Uganda".

Huyo msee anaitwa James Harris. Alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1950, akakua akichuma pamba. Uganda aliijulia wapi? Mwaka 1982, pale Memphis, Jerry Lawler na Jerry Jarrett waliketi chini wakamtungia hadithi: eti alikuwa mlinzi wa Idi Amin, eti anakula watu. Video zake za "msituni" zilipigwa kwa shamba la Jarrett, Tennessee. Amin alikuwa ametimuliwa 1979 tu. Waganda bado wanalia watu wao, na mtu Memphis ashaona biashara.

Na hakuruhusiwa kuongea! Hapo ndipo mimi hupandwa na hasira. Hulk Hogan anapewa maiki apige kelele mpaka achoke. Kamala anapewa Kim Chee, jamaa amevaa kofia ya wakoloni, wa kumwongoza kama ng'ombe. Baadaye wakaleta mhubiri, Slick, amfundishe kwamba yeye ni binadamu. Hiyo ilionyeshwa kwa TV, miaka ya tisini, na watoto wakaangalia.

Alafu kuna wale wa kusema "alituuza". Buda, hapo tunaachana. Angalia doo kwanza. Agosti 1992 alipigana na Undertaker pale Wembley, London, uwanja una watu karibu 80,000. Harris mwenyewe alidai alilipwa dola 13,000 na mwenzake 500,000. Novemba wakamfungia kwa jeneza ulingoni, wakalipigilia misumari. 1993 akatoka, akaenda kuendesha lori.

Wacheza mieleka wa kule huandikwa kama watu wa kandarasi. Bima ya afya ni shida yako. Ukizeeka, vile vile. Kisukari kilimla mguu wa kushoto 2011, wa kulia 2012. Akawa anatengeneza viti vya mbao anauza mtandaoni. Agosti 2020 Korona ikammaliza.

Sasa niambie nani aliuza nani.

Nasema hivi kwa sababu hii kazi bado iko, tena iko hapa Nairobi. Mwaka jana kuna watu walinitafuta nivae shuka, niruke-ruke kando ya nyumba ya matope, nishangae simu kama sijawahi kuiona. Mimi, mtoi wa Umoja, ninayelipwa na hiyo hiyo simu! Hela ilikuwa elfu nane. Video ni yao milele, waitumie popote, waandike chochote juu ya uso wangu. Nilikataa, lakini siwezi kumtukana atakayekubali, manake najua rent ya huku.

Kwa hivyo ukiona msee amerekodiwa akifanywa mjinga wa kijijini ili wageni wacheke, usimwendee yeye kwa comments. Uliza akaunti ni ya nani. Uliza nani aliandika maneno, nani anakula hela ya matangazo, na huyo msee alibaki na ngapi. Watag hao.