Egemeo la Mgodi Litangulie Tamaa ya Dhahabu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Chini ya ardhi methali hiyo ni kali zaidi, kwani asiyeziba ufa huenda asipate fursa ya kuujenga ukuta.

Itakumbukwa kuwa mnamo Desemba 2021 machimbo ya dhahabu ya Abimbo, katika Kaunti ya Siaya, yaliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Kila yanapotokea maafa kama hayo, lawama hutupiwa mvua, au watu husema ni kudra. Hapana shaka maji huudhoofisha mwamba. Hata hivyo, udhaifu wa mwamba hupimika.

Mnamo 1973 mhandisi Z. T. Bieniawski, akiwa Afrika Kusini, alibuni njia ya kuupa mwamba alama hadi 100. Huangaliwa uimara wa jiwe, wingi na hali ya nyufa, pamoja na maji. Kwa mujibu wa jedwali lake, handaki lenye upana wa mita 10 katika mwamba mzuri laweza kusimama bila egemeo kwa takriban mwaka mmoja. Katika mwamba dhaifu, wenye alama 21 hadi 40, handaki la mita 2.5 husimama kwa saa 10 hivi. Katika mwamba duni kabisa, mita moja tu husimama kwa nusu saa.

Maana yake ni kwamba egemeo sharti lipangwe kabla ya sururu kuinuliwa. Vyuma vya kuufunga mwamba, wavu wa waya na saruji ya kunyunyizia huusaidia mwamba ujibebe wenyewe, mradi viwekwe mapema. Gogo linalosimikwa baada ya paa kulegea hurithi mzigo ambao ungeweza kuzuiwa.

Yamkini wapo watakaosema kuwa mchimbaji mdogo hana fedha za vyuma. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kulipunguza handaki upana, kuchimba kwa hatua fupi na kutopita chini ya paa lisiloegemezwa hakuhitaji utajiri, bali maarifa.

Maarifa hayo yaanzie darasani. Mwanafunzi wa Jiografia hujifunza mbinu za kuchimba madini. Mwalimu na amuulize pia paa litasimama kwa muda gani. Katika Siaya, Migori na Kakamega, baadhi ya wanafunzi hao watashuka mashimoni kesho. Tusiwaache washuke wakiwa na tochi na tamaa pekee.