Prodyuza, Usiuze Mahindi kwa Sababu ya Kompyuta!

Leo sizunguki, na mhusika akisoma atajijua.

Kuna prodyuza mmoja pale Katandala, jina kapuni. Ngoma kibao mnazosikia kwenye bajaji hapa mjini zimetokea chumbani kwake. Mashine yake ni Dell OptiPlex, zile za ofisini zinazokuja mtumba, ina i3 ya kizazi cha nne. Wiki iliyopita staa mmoja, eti kwa sababu amekaa Dar miezi sita, akaja kurekodi. Sauti ikawa inakwaruza katikati ya mashairi. Jamaa akatoka nje akaipiga picha ile mashine, akaitupia status: "kompyuta ya karani". Watu wakacheka sana. Prodyuza roho ikamuuma, na ninavyoandika hapa anamtafuta dalali auze magunia 15 aliyolima na mama yake kule Laela, ili aunde mashine mpya kabisa.

Mimi nasema aache.

Msimu huu kila mtu anauza, kwa hiyo bei iko chini. Ngoja mpaka Januari, Februari, maghala yaanze kukauka, uone gunia lile lile linavyoheshimika. Mfipa anajua hii kabla hajajua kuwasha simu. Sasa unautoa mzigo kwa bei ya kutupa ili ununue kitu kinachoshuka thamani siku ile ile unapofungua boksi? Na mama atakula status?

Halafu tujiulize, ni kitu gani hasa kinachelewa? Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja huku kazi inaendelea. Diski ikiwa ndiyo inayogonga 100, weka SSD, prosesa usiiguse. RAM ikijaa, ongeza RAM. Nilienda kwake nikamfungulia mwenyewe, tukapakia wimbo wenye mavokali mengi kwenye FL Studio: RAM ilikuwa na nafasi, diski imetulia, prosesa ndiyo inalia. Kwa hiyo staa wetu hakudanganya. Amekosa adabu tu.

Ila tiba yake ni ndogo. i3 ile ina viini viwili, yaani wafanyakazi wawili. i7-4770 ya kizazi hicho hicho inakaa kwenye soketi ile ile, ina vinne, na kila kimoja kinashika kazi mbili kwa mkupuo. Used yake niliyoulizia ni chini ya hela anayotoza kwa nyimbo mbili. Inakula umeme zaidi, wati 84 badala ya 54, kwa hiyo feni isafishwe vumbi na ile dawa ya kupitisha joto ipakwe upya. Baridi ya hapa itasaidia pia, angalau ina faida moja.

Akiunda mpya, RAM yake ya DDR3 haiingii kwenye mazabodi za sasa. Pawasaplai ya zile Dell nyingi ina plagi za kwao wenyewe, kwa hiyo nayo inabaki. Ananunua kila kitu kuanzia kasha. Na tangu mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda bei dunia nzima, kampuni za AI zinazibeba zote. Ukiweka na kadi ya picha, hesabu inaanza kunusa bei ya bodaboda.

Tahadhari moja, mimi nimeshaumia. Niliwahi kuagiza i7 ikaja na basi kutoka Dar, nimefurahi kama mtoto, kumbe ni ya kizazi cha tatu. Soketi yake 1155, mashine yangu 1150. Haikai hata ukiibembeleza! Kosa langu, sikuuliza. Soma kwanza kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine inakubali prosesa zipi. Na wenye laptop msinifuate, nyingi za miaka hii prosesa imechomelewa kabisa.

Najua mtaniambia Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Kweli, na i7-4770 haitamvusha hapo. Ndiyo maana sisemi akae nayo milele. Mashine ya studio iondoe kwenye intaneti, benki na email fanya kwenye simu, na flashi za wasanii zichunguzwe kabla ya kuchomekwa (flashi za wasanii, Mungu wangu). Angekuwa anahariri video za 4K ningemwambia ajipange aunde mpya. Lakini yeye anapiga biti na kurekodi sauti.

Hela inayobaki anunue UPS. Mji huu umeishi miaka mingi kwa umeme wa kununua Zambia na majenereta, kukatikiwa tunakujua. Kazi ngapi zimepotea pale kwake kwa umeme kukatika katikati ya kurekodi? i7 wala mashine mpya haiokoi hilo.

Fundi nimeshaongea naye, Jumamosi tunaifungua. Mwenye i7-4770 nzima, awe Sumba au Mbeya, aniachie ujumbe hapo chini. Fanyeni haraka, dalali amesema analeta lori Ijumaa.