Mpini wa kununua haumfunzi mtoto lolote

Wahenga walinena kwamba shoka lisilo mpini halichanji kuni. Methali hii hukaririwa na kila mwanafunzi anayejiandaa kuandika insha, lakini sidhani kuwa wengi wao wamewahi kutia mpini hata katika kisu cha kukatia vitunguu. Mpini ukivunjika, kisu hutupwa jaani na kingine kikanunuliwa dukani. Hilo si kosa la vijana. Ni kosa letu sisi tuliokabidhiwa jukumu la kuwalea na kuwafunza.

Ninaandika haya kwa sababu ya jambo lililonisikitisha. Mtoto wa jirani yangu aliagizwa shuleni atengeneze kifaa cha nyumbani kwa mikono yake mwenyewe. Jioni ya siku ya pili babake alirejea kutoka kazini na mwiko uliochongwa na fundi wa sokoni, umepigwa msasa ukang'aa. Mtoto aliupeleka darasani, akapewa alama nzuri. Fundi alipata fedha zake, mzazi alipata utulivu, mwalimu naye alijaza fomu yake. Je, mtoto alipata nini?

Itakumbukwa kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, masomo ya ufundi yalipewa nafasi kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na katika shule nyingi randa na misumeno ikaachwa kushika kutu. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, unanuia kuirejesha mikono ya mtoto kazini. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, maadamu kazi ya mikono inafanywa kwa ajili ya alama peke yake, itaendelea kununuliwa sokoni. Kitakachoiokoa ni uraibu: mtu kuifanya kwa kuwa anaipenda, pasipo mtu wa kumsimamia.

Chukua mfano wa uraibu mmoja usiohitaji mtaji mkubwa, nao ni wa kutia visu mipini na kuvishonea ala za ngozi. Mimi niliuanza ukubwani, kisu cha jikoni kilipovunjika mpini nami nikaona haya kukitupa. Nilikata kipande cha tawi la mti uliokuwa umeangushwa juzi yake tu, nikakitoboa, nikauzamisha ndani yake msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia katika mpini. Siku ile nilijiona fundi. Baada ya majuma matatu mti ulikauka, ukanywea, ukapasuka kutoka juu hadi chini. Hapakuwa na wa kumlaumu. Mti haujui cheo cha mtu wala haupokei udhuru.

Kosa hilo lilinifunza zaidi ya vitabu vingi. Nilijua tangu hapo kwamba mti wa mpini sharti ukaushwe kivulini kwa miezi kadhaa, na kwamba nyuzi zake zifuate urefu wa kisu, la sivyo utakatika. Nilijifunza kutumia tupa kwanza, kisha msasa mkavu wenye chembe kubwa, halafu laini, halafu laini zaidi, bila kuruka hatua. Maana mkwaruzo ulioachwa nyuma hujitokeza wazi mara mafuta yanapopakwa. Nilijifunza pia kuziba pua na mdomo kwa kitambaa, kwa kuwa vumbi la miti migumu kama mpingo hudhuru mapafu. Mwalimu wa sayansi anayetafuta mfano wa jinsi unyevu unavyotanua na kunyweza vitu hana haja ya kwenda mbali.

Nayo ala ina elimu yake. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama yale ya muwati, hulowekwa katika maji ya uvuguvugu, ikafinyangwa juu ya kisu kilichofungwa karatasi ya nailoni, kisha ikaachwa ikauke. Ikikauka hulishika umbo la kisu hicho na si kingine. Kabla ya kushona, fundi huweka ukanda mwembamba wa ngozi katikati ya kingo mbili, upande wa makali. Ukanda huo hauonekani na mnunuzi, lakini pasipo huo makali yangeukata uzi siku ya kwanza. Kushona kwenyewe hufanywa kwa uzi mmoja na sindano mbili, zikipishana katika kila tundu. Mshono mmoja ukikatika, mwingine husimama imara. Huo ndio uaminifu katika kazi: kuweka kitu cha lazima mahali ambapo hakuna jicho litakalokiona.

Ufundi huu si wa kigeni kwetu. Wamaasai wana sime, ambazo ala zake huvikwa ngozi iliyotiwa rangi nyekundu. Wamunyu huko Ukambani ni mahali palipopata sifa kwa uchongaji baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Mutisya wa Munge alipoleta ujuzi aliojifunza Tanganyika. Hata lugha yetu ni shahidi. Kiswahili kina neno msuka, kina noleo, ambalo ni pete ya chuma inayoubana mpini mahali bapa linapoingilia, kina kinoo cha kunolea na msharasi wa kutobolea ngozi. Ni wanafunzi wangapi wa kidato cha nne wanaoyafahamu maneno haya? Kazi inapokufa, msamiati wake huzikwa nao.

Najua kuna watakaopinga. Watasema: je, tuwape watoto visu, ilhali twasikia kila mara habari za fujo shuleni? Hoja hiyo ina uzito nami siipuuzi. Sisemi hata kidogo kwamba mwanafunzi aende shuleni na kisu mfukoni. Nasema kazi ianze na ala na mipini ya majembe na tupa, vitu visivyo na makali. Bapa la kisu, litakapohitajika, liwe butu, lifungwe kitambaa, na lilale katika kabati ambalo ufunguo wake uko kwa mwalimu. Isitoshe, aliyetumia majuma sita kushona ala anajua maana ya makali kuliko yule ambaye amekatazwa tu kuyagusa.

Wengine watauliza malighafi itatoka wapi. Hapa pana funzo lingine. Katika miaka ya 1970 pembe za faru zilitafutwa sana kwa ajili ya mipini ya majambia nchini Yemen, mbali na kutumiwa kama dawa huko Asia. Kenya, iliyokuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka wa 1970, ilibakia na wasiofika 400 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980. Naam, pambo la mpini lilichangia kukaribia kuangamia kwa mnyama mzima. Kwa hivyo kijana afunzwe kuuliza kila kitu kimetoka wapi. Pembe na mifupa ya ng'ombe hutupwa kila siku machinjioni. Mwarobaini na mwembe hupatikana bila ya kuumaliza mpingo.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Anzisheni chama kidogo cha ufundi, hata kama ni cha wanafunzi wanane chini ya mti siku ya Ijumaa alasiri. Mwalikeni yule fundi wa viatu aliye nje ya lango la shule aje awaonyeshe jinsi ya kushika sindano mbili. Msitoe alama. Kwa wazazi nasema: mtoto akileta nyumbani mpini uliopinda, usimnunulie ulionyooka. Mwacheni aupeleke darasani ulivyo, naye mwalimu amuulize umepindia wapi na kwa nini. Nanyi wanafunzi, msisubiri kuamriwa. Kisu kilichovunjika mpini kiko jikoni kwenu sasa hivi. Mwombeni mzazi ruhusa, mketi naye mkitengeneze.

Ngozi ya ala hufinyangwa ikiwa bado imelowa. Ikishakauka, ukiilazimisha hupasuka. Samaki naye, walisema wazee wetu, mkunje angali mbichi. Watoto wetu wangali wabichi leo. Tukiendelea kuwanunulia miiko na mipini iliyokwisha kuchongwa, tutawakuta kesho wamekauka, na mikononi mwao hamna kitu.