Nyumba Isimle Mwenye Nyumba



Mtu anayetaka kutoka katika nyumba ya kupanga ana nia njema, wala hatuna la kumlaumu. Lakini apitaye leo Chanika, Mbagala au ng'ambo ya Kigamboni atayaona mapagale yasiyohesabika: kuta zimesimama, paa hakuna, mpapai umeota sebuleni. Nyuma ya kila pagale aghalabu pana familia iliyoanza kwa furaha, ikaishiwa njiani, na sasa inalipa kodi ya pango huku fedha yake ikinyeshewa mvua. Sababu ni nyingi, na ugonjwa au kufukuzwa kazi ni mitihani ya Mola. Iliyo mikononi mwetu ni moja: kujua gharama kabla ya kuchimba msingi.

Tuanze na kiwanja. Mnunuzi humwuliza dalali bei, akisikia anaimudu, hutoa mkono. Hajauliza ujira wa dalali wala wa mwanasheria, ada za upimaji na za hati, wala ushuru wa stempu ambao ni asilimia 1. Ipo pia kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi, na wauzaji wengi humtupia mnunuzi mzigo huo dakika ya mwisho. Basi iandikwe mapema ni nani atakayeilipa. Tena tukumbuke kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anachonunua mtu ni haki ya kuitumia. Karatasi ya ofisi ya mtaa si hati. Panapodaiwa kuwa hati ipo, na afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kununua kiwanja chenye wenyewe watatu.

Kisha ukubwa. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa ramani huchorwa kwa kumtazama jirani badala ya kuutazama mshahara. Kila mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali kama kumi, na kila chumba kinachoongezwa kinaongeza msingi, kuta, mbao, bati, dari na sakafu. Paa lenye migongo mingi linapendeza machoni, lakini linameza mbao na bati kuliko paa la kawaida la ukubwa uleule. Rai yetu ni kwamba hesabu ifanywe hadi kupaua, isiishie kwenye boma. Asiyeweza kuona fedha ya bati itatoka wapi, na apunguze vyumba. Vyumba viwili, jiko na choo vilivyopangwa ili viongezwe baadaye vinamhamisha mtu. Vyumba sita visivyo na paa havimhamishi.

Fundi naye alipwe kwa hatua iliyokamilika na kupimwa, kwa makubaliano yaliyoandikwa, na ujira wake usicheleweshwe baada ya kazi kwisha. Tofali zisinunuliwe kwa urahisi wa bei tu: afyatuaye tofali hamsini za inchi sita kwa mfuko mmoja wa saruji anauza mchanga.

Siku ya kuhamia nayo ina gharama zake. Umeme kwa aliye ndani ya mita 30 za nguzo ni jambo moja, na kwa anayehitaji nguzo mbili ni jambo jingine kabisa. Hilo liulizwe wakati wa kununua kiwanja. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Ni kidogo, lakini shimo la maji taka likijaa, au pampu ikiungua, si kidogo. Basi kila mwezi itengwe sehemu ya ile fedha iliyokuwa ikienda kwa mwenye nyumba, iwekwe kwa ajili ya matengenezo. Vigae na jipsamu vinaweza kungoja. Choo na mlango imara haviwezi. Hata khitma ya kuhamia (tunajua tutachukiwa kwa hili) haihitaji pilau ya watu mia mbili iliyokopewa.

Tukitaja mkopo, riba ni haramu, na ile mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu imekwisha kuwatoa wengi ndani ya nyumba walizozikopea. Wapo wanaofuata njia ya murabaha, ambapo benki inanunua kitu kisha inamuuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu awali. Njia hiyo tunaikubali ikitimiza masharti yake, lakini deni la halali nalo ni deni. Mtume (S.A.W.) aliwahi kuletewa jeneza la mtu aliyekuwa akidaiwa dinari chache, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile.

Ama zaka, nyumba unayoishi haina zaka. Lakini fedha ya kujengea iliyofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikazungukiwa na mwaka, inatolewa zaka kwa kauli ya wanachuoni wengi. Na iingie katika hesabu ya ujenzi tangu mwanzo.

Limebaki lililo zito zaidi. Wanawake wengi wananunua bati, milango na saruji kwa fedha za upatu au za biashara zao, na hakuna kinachoandikwa, kwa kuwa kuandika baina ya mume na mke kunaonekana ni kukosa mapenzi. Mali ya mke katika Uislamu ni yake. Mume akifariki, warithi hugawana nyumba nzima kuwa ni tirika ya marehemu, na mjane mwenye watoto akapewa thumni ya mali ambayo huenda nusu yake aliinunua yeye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkinga mwenza dhidi ya kuuzwa au kuwekwa rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yake, lakini haimwambii kadhi nani alilipia bati. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeagiza kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi mume na mke wakae jioni moja, waandike nani ametoa nini, lini, na kama ni zawadi, mkopo au sehemu ya umiliki. Watie saini mbele ya mashahidi, nakala moja ibaki kwa mke, na nyingine iwekwe pamoja na hati ya kiwanja.