Kibwagizo Hakihesabiwi kwa Vidole

Baadhi ya ndugu zetu wa visiwani hupenda kusema kwamba shairi la mapenzi ni mali ya pwani, na kwamba watu wa bara wameliazima tu. Hatukubaliani nao. Marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alizitunza mizani na vina kama fundi yeyote wa Unguja au Pemba, na juu ya hayo akatuachia ngonjera.

Tutazame kibwagizo kimoja, ambacho tumekitunga wenyewe kwa ajili ya mfano:

Njoo nikupe mkono, mvua imeshakatika.

Mizani ni 16, yaani 8 kila kipande. "M" ya mkono ni mizani kamili. Ile ya mvua yaegemea herufi inayoifuata, haihesabiwi peke yake. Kina cha kati ni "no", cha mwisho ni "ka". Hapo mwanafunzi huweka kalamu chini akapewa alama zote. Sisi twaona kazi ndiyo kwanza yaanza.

Kisomwe Unguja wakati wa masika. Mvua imekatika, njia yapitika, mpenzi aweza kutoka: huo ni mwaliko. Kisha kisomwe Bahi, ambako mvua ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na mpunga wa mbugani wangojea maji hayo hayo. Mvua ikikatika Februari, hata mtama una mashaka. Anayesema "nikupe mkono" huenda anaaga, akatafute kibarua mbali. Mizani ni zile zile na vina ni vile vile, lakini mkono wa kukaribisha umegeuka mkono wa buriani.

Mtunzi hodari aweza kuyatia yote mawili katika shairi moja. Ubeti wa kwanza msikilizaji acheke. Ufikapo wa nne, akiisha kusimuliwa habari za shamba lililonyauka, maneno yale yale yamchome. Marudio yana kazi hiyo, na ndiyo tusiyoifundisha.

Twawaomba basi maofisa wa elimu na utamaduni, wa bara na wa visiwani, swali la mtihani lisiishie kwenye "taja mizani na vina". Liulize pia kibwagizo kimebeba nini katika ubeti wa mwisho ambacho hakikuwamo katika ule wa kwanza. Mtoto wa Bahi atajibu lake na wa Pemba lake, na msahihishaji awe tayari kuyapokea yote mawili.